Ploti Moja, Waya Moja: Hivi Ndivyo Serikali Hupima Kama Kampuni za TV Zinashindana Ama Zinatucheza

Mwezi uliopita nilihamia keja mpya. Bedsitter ya kawaida, orofa ya nne, maji ni Jumanne na Ijumaa. Siku ya pili nikaita mafundi wa kampuni nilikuwa natumia kwa keja ya zamani, waniwekee intaneti na TV. Walifika hadi geti. Caretaker akawaangalia vile soja wa benki huangalia msee ameingia na helmeti, akasema, "Hii ploti iko na kampuni yake. Waya zenu hazipandi hapa."

Nilidhani anataka ya chai. Kumbe hapana, hiyo ndiyo sheria ya ploti. Kampuni ni moja, bei ni yake, na ikilala wikendi yote mnalala pamoja.

Sasa hii ndiyo iliniuma. Nikisimama kwa dirisha naona mabango ya kampuni tatu tofauti barabarani, zote zinanipromisi maisha mazuri. Ukihesabu na mabango, huu mtaa uko na ushindani moto. Ukihesabu kutoka kwa kitanda yangu, kuna kampuni moja. So nani huhesabu, na huhesabu aje? Nikaanza kusoma, na stori ikanipeleka hadi Marekani, juu huko waliamua kuandika hesabu yenyewe ndani ya sheria, na asilimia zake, mtu yeyote aone. Ukishaona vile hiyo hesabu hufanywa, hutawahi kusikia neno "ushindani" kwa taarifa ya habari vile ulikuwa unalisikia.

Tuanze na kwa nini walihesabu

TV ya kebo Marekani ilikua mji kwa mji. Kampuni inaenda kwa serikali ya mji, inaomba ruhusa ya kuchimba barabara na kutundika waya kwa nguzo, inapewa leseni ya hapo. Kuchimba ni ghali, so mara nyingi mji ulibaki na kampuni moja tu. Hakuna aliyefunga geti. Ni vile tu hakuna mdosi mwingine alitaka kumwaga mamilioni achimbe barabara ileile mara ya pili.

Mwaka wa 1984 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyokuja kutoa mikono ya miji kwa bei karibu kila mahali. Unajua kilichofuata. Bei zilipanda hadi Bunge hilohilo, lilipokuwa linaandika sheria mpya mwaka wa 1992, likaweka kwa maandishi kwamba bei ya wastani ya kebo ilikuwa imeongezeka karibu mara 3 ya mfumuko wa bei. Rais George H. W. Bush akaikataa hiyo sheria ya 1992. Bunge likampita. Huyo mzee alitumia kura ya turufu mara 44 akiwa rais, na hiyo ya kebo ndiyo pekee Bunge liliweza kuipindua. Hapo ndipo unajua bili ya TV inaweza kukasirisha watu kuliko vitu zingine zote.

Sheria ya 1992 ilisema hivi: mji unaweza kudhibiti bei ya kifurushi cha chini kabisa, kile cha stesheni za kawaida za hapo mtaani, pamoja na bei ya vifaa na ya kufungiwa. Lakini unaweza tu kama hakuna "ushindani halisi" kwa hiyo eneo. Ushindani ukithibitishwa, mji unatoa mikono na kampuni inajipangia. Na si bei ya chini pekee. Bila ushindani, kampuni inafaa kuchaji bei moja eneo lote. Ushindani ukipatikana inaweza kupea mtaa ule offer na huu wako isiupee kitu.

Umeshika? Hayo maneno mawili, "ushindani halisi", ni pesa. Anayeyapatia maana ndiye anaamua nani analipa ngapi.

Mitihani minne

Sheria haikuachia mtu aangalie mtaa aseme "hapa naona ni kama kuna ushindani". Iliweka mitihani, na kampuni ya kebo ikipita mmoja tu, imetoka.

Wa kwanza ni rahisi. Kama chini ya asilimia 30 ya nyumba za eneo zinalipia hiyo kebo, basi inachukuliwa kuna ushindani. Wazo ni kwamba kama watu wengi wanaishi bila wewe, huwezi kuwatesa. (Ama huduma yako ni mbovu na watu wamekukimbia. Mtihani hauulizi.)

Wa tatu unahusu miji ambayo serikali yenyewe inauza TV na inafikia angalau nusu ya nyumba. Hiyo tuipite. Wa nne uliongezwa mwaka wa 1996, wa kampuni za simu, na tutaurudia juu huo ndio ulileta kelele.

Wa pili ndio ulitumika sana na ndio unafaa uuelewe. Una vipande viwili. Kwanza, lazima kuwe na angalau watoa huduma wawili wasio wa mdosi mmoja, kila mmoja anaweza kufikia angalau nusu ya nyumba za eneo na vipindi vya kulinganishwa. Pili, nyumba zinazolipia watoa huduma wengine, ukitoa yule mkubwa kuliko wote, lazima zipite asilimia 15 ya nyumba zote.

Cheki kipande cha kwanza. Kusema kampuni "inafikia" nyumba si kusema nyumba imenunua. Inatosha kama kampuni inaweza kukuunganisha bila gharama kubwa ya kuongeza, hakuna kizuizi cha sheria ama cha kiufundi, na watu wanajua huduma iko. Kampuni za dishi, DirecTV na DISH, zinarusha kutoka angani nchi nzima, so zilihesabiwa zimefika karibu kila mahali. Na "vipindi vya kulinganishwa"? Angalau chaneli 12, na moja kati yazo isiwe ya stesheni za kawaida za hewani. Basi. Ukiwa na chaneli 12, wewe na jitu la chaneli 200 mko kwa uzani mmoja.

Kipande cha pili sasa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili lakini asilimia sijasahau, so tufanye pamoja. Chukua mji wa kujitungia wenye nyumba 10,000. Kebo inauzia nyumba 5,000. Dishi ya kwanza inauzia 1,100. Dishi ya pili 600. Zilizobaki hazilipii TV kabisa, wanaangalia za bure ama hawana time.

Dishi zote mbili pamoja ni 1,700. Gawa kwa 10,000, ni asilimia 17. Imepita 15. Kebo imetoka huru.

Lakini hesabu tena, sasa ukiangalia wale wanaolipa pekee. Wako 6,700. Kebo iko na 5,000 kati yao. Hiyo ni karibu asilimia 75. Kati ya wasee wanne wanaolipia TV huo mji, watatu wanalipa kampuni moja, na sheria inasema kuna ushindani halisi. Hakuna mtu amedanganya hapo. Ni vile kigawanyo kiliwekwa: nyumba zote, hata zile hazinunui.

Linganisha na kwetu. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 inasema ukidhibiti nusu ya soko ama zaidi, wewe ni mkubwa wa soko na macho yako juu yako. Ukiwa kati ya asilimia 40 na 50, ni wewe unafaa uonyeshe huna nguvu ya kuamulia wengine. Hata chini ya 40 unaweza kushikwa kama nguvu iko. Sheria hizi mbili haziulizi swali moja, ni kweli. Yetu inauliza nani ni mkubwa, yao iliuliza kama mji uendelee kushika bei. Lakini kampuni ya ule mji wangu wa kujitungia ingekuwa "mkubwa wa soko" Nairobi na "iko kwa ushindani" huko. Namba zilezile.

Data inatoka wapi

Hapa ndipo nilicheka. Nyumba ngapi ziko kwa mji? Hiyo inatoka kwa sensa, na wanahesabu zile zinakaliwa tu, nyumba za likizo hazimo. Dishi zimeuza ngapi? Hiyo ilikuwa siri ya kampuni za dishi, na washindani wao ndio walikuwa wanaihitaji. So chama cha biashara ya setilaiti kikawa kinatoa ripoti ya wateja kulingana na nambari za posta. Shida ni kwamba nambari ya posta haifuati mpaka wa mji. Moja inaweza kulalia miji miwili. Inabidi wakadirie: hii nusu ni ya huku, hii nusu ni ya kule. Baadaye wakaanza kutumia nambari ndefu za tarakimu tisa, na makadirio yakakaa poa kidogo.

Ukiwa mji wa nyumba mia kadhaa na mstari wako ni asilimia 15, vile unakata hiyo nambari ya posta ndiyo inaamua. Familia kumi na mbili zikihesabiwa ng'ambo ya barabara, bei za watu wote zinabadilika.

Kisha wakageuza meza

Kwa miaka zaidi ya 20, tume yao ya mawasiliano, FCC, ilianza na dhana kwamba ushindani hakuna. Kampuni ya kebo ndiyo ilikuwa inaleta makaratasi, mji kwa mji, kuthibitisha uko. Dishi ziliposambaa, karibu kila ombi lilikuwa linapita. Mwaka wa 2015 FCC ikasema basi, tugeuze: kuanzia sasa tunachukulia ushindani uko kila mahali, mji ukiona tofauti ulete ushahidi.

Kwa karatasi inaonekana ni kitu kidogo. Lakini fikiria ni nani anabeba mzigo. Kampuni ya kebo iko na mawakili wa kudumu na data. Mji mdogo uko na karani mmoja ambaye pia ndiye anashughulikia taka na leseni za mbwa. Kudai hizo namba za dishi, kulipia, kuandika hoja: nani atafanya? Miji ilienda kortini ikisema FCC imeruka sheria. Mwaka wa 2017 korti ya rufaa ya Washington ikakubaliana na FCC.

Enyewe hoja ya FCC haikuwa ya kijinga. Kama watu karibu wote wanafaulu mtihani, kwa nini uendelee kusahihisha karatasi moja moja? Lakini mimi naona walisahau kuuliza kama mtihani wenyewe unapima kitu cha maana.

Na kuna mtu aliuliza. Mwaka wa 2003, GAO, wakaguzi wanaofanyia Bunge la Marekani kazi, walilinganisha masoko. Waligundua mahali kampuni ya pili ilikuwa imeleta waya yake, bei za kebo zilikuwa chini kwa karibu asilimia 15. Mahali mshindani alikuwa dishi, bei hazikuwa zimeshuka hivyo. Inaleta maana ukifikiria. Dishi inapanga bei ya nchi nzima, haijui mtaa wako. Mwenye waya wa pili amechimba barabara yako, amezika pesa hapo chini, na hawezi kuihamisha. Lazima akupiganie. So ukiuliza "kuna wangapi?" unapata jibu moja, na ukiuliza "kuna yeyote anayemfanya huyu ashushe bei?" unapata lingine.

Kisiwa kimoja na programu ya simu

Sasa ule mtihani wa nne. Unasema: kama kampuni ya simu za mezani, ama ndugu yake wa kibiashara, inauza TV kwa hiyo eneo kwa njia yoyote isipokuwa dishi, ushindani uko. Hauna asilimia 15 wala nusu ya nyumba. Mwaka wa 1996 Bunge lilikuwa na picha ya kampuni ya simu ikivuta waya zake mtaani.

Mwaka wa 2018 kampuni ya kebo ya Charter ikaenda FCC ikiongea kuhusu kisiwa cha Kauai kule Hawaii na maeneo 32 ya jimbo la Massachusetts. Hoja yao: AT&T ni kampuni ya simu. AT&T inauza TV ya kustrimu kwa intaneti. Mtu wa Kauai anaweza kuilipia. Mtihani umepitwa.

Massachusetts wakashangaa. AT&T haikuwa kampuni ya simu za mezani huko kwao. Haikuwa imevuta waya yoyote ya TV. Na ili ustrimu unahitaji intaneti, na intaneti mara nyingi unanunua kutoka kwa nani? Kwa kampuni ileile ya kebo. Yaani mshindani wako anapita kwa mlango wako, na unamlipisha mteja kiingilio.

FCC ikakubali hoja ya Charter mwaka wa 2019. Massachusetts wakakata rufaa, na Desemba 2020 korti ikasema FCC iko sawa: maneno ya sheria ni "kwa njia yoyote", na kustrimu ni njia. Kisheria naona vile walifika hapo. Lakini ile swali ya waya ya intaneti ni ya nani haikwenda mahali. Iko pale tu, na hata hapa ploti yangu iko.

Kampuni zikitaka kuoana

Kuna wakati mwingine wadhibiti huhesabu: kampuni mbili zikitaka kuungana. Hapo hawatumii mitihani minne. Wanauliza kwanza soko ni gani. Njia yao ya kawaida ukiiweka kwa lugha ya mtaa ni hii: chukua mama wa chapati. Kama chapati zote mtaani zingekuwa za mtu mmoja, na apandishe bei kwa asilimia 5 ama 10, ungeendelea kununua ama ungeenda mandazi? Kama wengi wangeenda mandazi na apate hasara, basi chapati na mandazi ni soko moja. Kama mngenung'unika mkalipa, chapati ni soko lake pekee.

Mwaka wa 2001 mwenye DISH alitaka kununua DirecTV. Mjini, mtu alikuwa na kebo na dishi mbili, so wangebaki wawili kutoka watatu. Lakini mashambani, kule kebo haijawahi kufika, dishi mbili zingekuwa moja. Ni kama kuondoa mat mmoja kwa ruti iko na mbili. Mwaka wa 2002 FCC ikakataa kuidhinisha, Wizara ya Haki ikaenda kortini, na deal ikafa. Miaka 22 baadaye, 2024, DirecTV ikaja na ofa ya kununua DISH kwa dola 1, pamoja na madeni yake. Hiyo pia ilikufa, lakini mara hii si wadhibiti, ni wenye madeni walikataa masharti. Kitu kiliogopwa kama ukiritimba mwaka wa 2002 kilikuwa kinauzwa dola moja na madeni. Kustrimu kulikuwa kumekula mashamba yote.

Na 2014 Comcast ilitaka Time Warner Cable kwa dola bilioni 45. Wao walijitetea kwamba hawashindani mahali, kila mmoja ana miji yake, hakuna mteja angepoteza chaguo. Ni ukweli. Lakini wadhibiti waliangalia intaneti: kampuni moja ingeshika waya ya wateja wengi sana wa kasi ya juu, na hiyo ndiyo njia video za kustrimu zinapitia. Aprili 2015 Comcast ikajiondoa. Hiyo swali Massachusetts walipigia kelele baadaye, hapa ilikuwa imesikika.

Turudi kwa geti

Nilikuwa nimedhani stori ya caretaker ni ya Nairobi pekee. Wapi! Marekani ilikuwa kawaida kampuni ya kebo kusaini mkataba na mwenye jengo ili mwingine asiingie. Mwaka wa 2007 FCC ikapiga marufuku hiyo mikataba kwa kampuni za kebo, ikisema inanyima wapangaji chaguo. Kampuni zikapata mlango wa nyuma: hatukufungii wengine, ila tutakupea mgao wa kile wapangaji wako wanalipa, na huo mgao usimpee mwingine. Mwaka wa 2022 FCC ikafunga mgao wa aina hiyo pia.

Ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo hesabu pekee kati ya zote ilianzia mlangoni kwa mtu badala ya kwa ramani ya mji.

Huku kwetu, Sheria ya Ushindani inaruhusu Mamlaka ya Ushindani kuchunguza ikiletewa malalamishi, ama yenyewe ikiamua. Malalamishi yanaweza kutoka kwa mteja, si lazima uwe kampuni. Ukiandika, usiandike "hawa watu wanatuibia". Andika ploti iko wapi, iko na nyumba ngapi, kampuni gani zinafika hadi kwa nguzo ya nje, nani alikataza waya na lini, na bei ya kampuni ya ndani ukilinganisha na ile ungelipa kama geti lingefunguliwa. Ukipata majirani kumi waandike pia, poa zaidi, juu mmoja ni msee analia, kumi ni soko.

Mimi nimeanza na swali moja. Nimeuliza caretaker kama mwenye ploti hupata kitu kwa hiyo kampuni. Akaniambia yeye kazi yake ni geti na tanki, nimuulize mwenyewe. Nimemtumia WhatsApp Jumatatu. Tiki zimekuwa za bluu, jibu bado.